Taa, Wavu na Lindo: Ulinzi wa Mifugo Usiku Katika Rasi ya Afungi

Katika Rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kusini ya Mto Ruvuma, ziko nyua za namna mbili. Ua wa kwanza ni ule wa mradi wa gesi, wenye nyaya, taa kali na askari wenye silaha. Ua wa pili ni ule wa fito, alioufunga mwananchi kwa kamba ili mbuzi wake wanne au watano walale humo hadi kupambazuke. Habari za ua wa kwanza zimeandikwa dunia nzima. Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu askari na polisi juu ya huu wa pili, kwa kuwa wao ndio wapitao kando yake usiku wa manane, na kwa kuwa chombo atakachokitundika mwananchi juu ya ua huo chaweza kumgusa askari wa doria kabla hakijamgusa chui.

Huko Ulaya na Marekani mazungumzo ya namna hii huhusu kondoo na mbwamwitu, na vyombo vya kila aina vimebuniwa kwa ajili yao. Pwani ya Cabo Delgado si nchi ya kondoo. Ng'ombe nao ni wachache, maana mbung'o hawawaachi wakaongezeka. Mali ya mtu wa kawaida huko ni mbuzi na kuku. Na mbwamwitu wa Ulaya hajapata kukanyaga Afungi, ingawa Kiswahili chetu, kwa ukarimu wake, humpa jina hilo hilo mnyama wetu wa mabaka meusi, meupe na ya manjano, ambaye Hifadhi ya Niassa, upande wa magharibi, ni mojawapo ya ngome zake chache zilizosalia. Wanaotajwa usiku kaskazini mwa Cabo Delgado ni chui, fisi na simba.

Msomaji asidhani kwamba mbuzi ni jambo dogo kuandikiwa gazetini. Mbuzi ni benki ya mtu asiye na benki. Huuzwa mtoto anapougua, huchinjwa msiba unapoingia, hutolewa mahari kijana anapooa. Tena hali ya wananchi wa wilaya ile yajulikana. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifika Palma mjini tarehe 24 Machi 2021, na maelfu wakakimbia, wengi wao wakajisonga Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Quitupo kupisha mradi. Anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria, zizi halibebeki. Basi anaporudi, huanza tena kwa mbuzi mmoja au wawili, na akirudi hukuta shamba lake limekwisha kuwa kichaka, na kichaka kimefika karibu na mlango. Chui hahitaji mwaliko mwingine zaidi ya huo.

Wako watakaosema kwamba mnyama anayekula mbuzi si kazi ya askari. Twawaomba wakumbuke mambo yaliyotokea jirani. Katika uwanda wa juu wa Muidumbe, ndani ya mkoa huo huo wa Cabo Delgado, simba waliua watu katika miaka ya 2002 na 2003. Hofu ilipozidi, watu walisema simba wale si wa porini bali wametengenezwa kwa uchawi; majirani wakanyosheana vidole, na watu waliotuhumiwa wakauawa na umati wa wenzao. Yaani simba aliondoka na mtu mmoja, na kijiji kikamaliza kazi aliyoianza. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Rufiji, simba mmoja aliyepewa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kupigwa risasi mwezi Aprili 2004, na alipopasuliwa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Wataalamu waliochapisha hesabu zao mwaka 2005 walionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Walieleza pia sababu: swala na nyati walikwisha, wakabaki nguruwe pori, nguruwe huingia mashambani wakati wa mavuno, simba huwafuata nguruwe, na huko humkuta mkulima amelala katika dungu akilinda mahindi yake. Kwa hiyo zizi imara la mbuzi na kibanda imara cha mlinzi wa shamba ni mambo ya ulinzi wa raia, nayo tunayaweka mbele ya askari kwa sababu hiyo.

Sasa tutazame adui anavyofanya kazi. Simba na chui ni wanyama wa kuvizia. Hawana mbio za mbali. Silaha yao ni kumkaribia windo bila kuonekana, kisha kurukia kwa ghafla. Mnyama wa namna hiyo akijua kwamba ameonekana, aghalabu hugeuka na kuondoka, kwa kuwa hesabu yake imeharibika. Jambo hili lilithibitishwa Botswana, kandokando ya Okavango, kwa njia ambayo tulipoisoma mara ya kwanza tulicheka. Watafiti walichora macho makubwa kwa rangi juu ya makalio ya ng'ombe. Kazi hiyo ilichukua miaka minne, katika makundi 14 yenye ng'ombe 2,061. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba wala chui. Kati ya 543 waliochorwa msalaba tu waliuawa wanne, na kati ya 835 wasiochorwa kitu waliuawa 15. Kopo la rangi na brashi! Askari yeyote aliyefundishwa kujificha ataelewa mara moja kwa nini simba alirudi nyuma.

Taa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa kijana wa Kimaasai, Richard Turere, ambaye familia yao ilifuga kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa Kitengela. Alikabidhiwa mifugo akiwa na miaka tisa. Alijaribu moto, akaona unamsaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba alirudi, usiku wa pili akatambua kwamba sanamu haisogei, akaingia. Hapo ndipo kijana alipogundua kwamba usiku ule alipotembea na tochi kuzunguka zizi simba hakuja, yaani kilichomtisha ni mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 alichukua betri ya gari, bamba dogo la umemejua, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki, na balbu za tochi mbovu, akazipanga zikitazama nje na kumetameta kwa zamu, ili simba adhani mtu anazunguka. Mwaka 2013 alisimama mbele ya mkutano wa TED huko Marekani akaeleza jambo hilo, na tangu hapo taa za aina hiyo zimefungwa katika mazizi mengi ya Kenya na kwingineko.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida huishia hapo, jambo ambalo halitupendezi, maana sehemu yenye faida kwa mtu wa ulinzi ndiyo inayofuata. Francis Lesilau wa Idara ya Wanyamapori ya Kenya na wenzake walifuatilia mazizi yaliyozunguka mbuga hiyo ya Nairobi kwa miaka kadhaa, wakachapisha utafiti wao mwaka 2018. Waliona kwamba mashambulizi ya usiku katika mazizi yenye taa yalipungua sana. Lakini waliona pia kwamba simba hawakuacha njaa yao. Walielekea kwenye mazizi yasiyo na taa, na mashambulizi ya mchana malishoni yakaongezeka. Taa ilimhamisha adui kutoka kwa jirani mwenye fedha za betri hadi kwa jirani asiye nazo. Mkuu wa kituo anayepanga doria ya vijiji vitatu kwa watu wanaotosha viwili atakuwa ameyaona haya kwa macho yake.

Wenzetu wanaopambana na mbwamwitu halisi walikwisha kujifunza somo lingine. Tangu zamani wawindaji wa Poland na Urusi walining'iniza vitambaa vyekundu juu ya kamba, na mbwamwitu, kwa sababu anazojua mwenyewe, alisita kuvuka mstari huo. Wafugaji wa Amerika ya Kaskazini wakachukua hila hiyo kuwalinda ng'ombe. Ilipojaribiwa, ilifanya kazi kwa karibu siku 60, kisha mbwamwitu wakavuka. Katika Idaho walitengeneza kisanduku kilichonasa mawimbi ya redio ya mbwamwitu aliyevishwa kola; anapokaribia kundi, kisanduku huwasha taa kali na kupiga kelele zilizorekodiwa, za namna mbalimbali, ili asizizoee. Uswisi nao, mwaka 2012, walijaribu kola inayopima mapigo ya moyo wa kondoo, kwa wazo kwamba moyo wa kundi zima ukianza kwenda mbio, kola itoe harufu ya kumfukuza adui. Wazo zuri, lakini mtu wa Quitunda hana haja nalo leo. Lililo na faida kwake ni hili: kitu kisichobadilika huzoeleka. Zamu ya lindo inayopita saa ile ile, njia ile ile, kila usiku, haimlindi mtu, na taa inayometa pale pale mwaka mzima ni kama zamu hiyo.

Basi je, tuwashauri wananchi wa Afungi wafunge taa za kumetameta? Hapa twaomba askari watusikilize kwa makini. Kitengela hakuna vita. Katika wilaya ya Palma, mwanga unaotembea usiku una maana nyingine. Mlinzi aliye lindoni akiona mwanga ukimeta kichakani, ukizimika, ukimeta tena upande wa pili, atafikiri ishara. Na mwananchi aliyesikia mbuzi wakilia, akatoka na tochi na panga kwenda kutazama, ni mtu mwenye silaha atembeaye gizani. Si vigumu kuona msiba unaoweza kutokea. Zaidi ya hayo, taa inayomfukuza chui humwonyesha mwizi na mshambuliaji mahali penye nyumba na mali. Chui hukimbia mwanga. Mwenye bunduki huufuata. Kwa maoni yetu, katika nchi ambayo watu wamejifunza kuzima taa ili waishi, ukuta utangulie taa.

Na ukuta mzuri uko, tena umebuniwa kwetu. Katika Simanjiro, kwenye kijiji cha Loibor Siret, wafugaji walikuwa wakizungushia maboma yao matawi ya miiba. Miiba huoza, huliwa na mchwa, na kila msimu hukatwa mingine mpaka nchi inabaki uchi. Isitoshe, fisi hupenya chini yake, na simba akinguruma upande upepo unakotoka, ng'ombe hutaharuki na kulivunja boma wenyewe kutoka ndani, nao humkuta anawangoja nje. Shirika la African People and Wildlife, likishirikiana na wanakijiji, lilipanda vigingi vya miti hai ya jamii ya manemane kulizunguka boma, vikashika mizizi na kuchipua, kisha wavu wa chuma ukagongomelewa kwenye vigingi hivyo. Mti hukua na kunenepa, haulii mchwa, na kadiri miaka inavyopita ukuta huzidi kuwa mzito badala ya kuchakaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku ndani ya maboma hayo yalikaribia kukoma kabisa, na pia kwamba simba wachache waliuawa kwa kisasi. Maboma ya namna hiyo yamezidi 1,000 katika Tanzania ya kaskazini. Ukuta huo hautoi mwanga wala sauti, hauhitaji betri, na mtu aliye mbali hauoni.

Kwa Afungi yapo mambo ya kurekebisha. Boma la Simanjiro ni la ng'ombe na adui wake mkubwa ni simba. Zizi la mbuzi wa pwani lina adui anayepanda: chui huruka ua mrefu kuliko mtu, na hushuka na mbuzi kinywani. Kwa hiyo zizi hilo lazima lifunikwe juu, kwa wavu au kwa fito nzito zilizofungwa barabara, na kwa kuwa mbuzi ni wachache, paa dogo latosha. Kwa ajili ya fisi, wavu ufukiwe chini shubiri mbili hivi, au upangiwe mawe. Mlango ndio udhaifu wa mazizi yote tuliyopata kusikia habari zake. Mtu hujenga ukuta wa chuma kisha huuzibia kwa tawi la mwembe. Na zizi liwe karibu na dirisha la mwenyewe. Mbwa wa kijiji akilala hapo, hata akiwa mdogo na mwoga, hubweka, na kubweka ndiko tunakokutaka. Namibia wafugaji wamegawiwa tangu mwaka 1994 mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, wanaolelewa ndani ya kundi la mbuzi hata wakajiona ni mbuzi. Hao wanakula sana, nasi hatuwapendekezi kwa mtu anayetafuta unga.

Iko njia nyingine ya kisasa, nayo ni ya upelelezi. Kandokando ya Okavango simba wachache wamevishwa kola zinazotuma habari kwa setilaiti. Simba avukapo mpaka uliochorwa kwenye ramani, ujumbe hufika kwenye simu za wanakijiji, nao huingiza mifugo. Amboseli, Kenya, tangu mwaka 2007 vijana wa Kimaasai, wengine wao wakiwa waliwahi kuua simba ili wapate sifa, wameajiriwa kuwafuatilia simba hao hao kwa nyayo na kwa redio, na kuwaonya wachungaji wasilishe upande fulani siku hiyo. Kwa Palma, njia ya simu ina ulemavu wake. Mwezi Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika mji uliposhambuliwa, na mtu aliyekuwa akitegemea simu peke yake alibaki kipofu. Hata walinzi wa wanyama wenyewe hawako salama: mwishoni mwa Aprili 2025 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Mariri ndani ya Hifadhi ya Niassa, ambapo kazi ya kulinda simba na kuwasaidia wanavijiji ilikuwa ikifanyika kwa miaka mingi, na walinzi wakauawa. Kwa hiyo twaona kwamba mpelelezi bora wa Afungi bado ni mwananchi asomaye nyayo asubuhi kisimani, na doria inayosimama kumsikiliza. Kiswahili kinafahamika huko, na Kimwani si mbali nacho. Askari wa Rwanda walioingia Julai 2021, na wale wa Tanzania waliokuwa Nangade katika kikosi cha SADC hadi mwaka 2024, hawakuwa na haja ya mkalimani kwa salamu na kwa habari ya nyayo.

Limebaki jambo la kisasi, ambalo ni la polisi moja kwa moja. Mtu aliyepoteza mbuzi wake wote usiku mmoja hatazami sheria. Mwezi Mei 2023, huko Mbirikani nchini Kenya, simba sita waliuawa kwa mikuki siku moja baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Huo ni mkuki, nao huonekana. Sumu ni mbaya zaidi. Aprili 2018 simba 11, wengi wao watoto, walikufa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda baada ya kuwekewa sumu. Sumu zitumikazo aghalabu ni zile za kuulia wadudu mashambani, zinazonunuliwa dukani kwa bei ndogo na kunyunyizwa juu ya mzoga. Mzoga huo huliwa na simba, na tai, na mbwa wa kijiji. Na katika nchi yenye njaa, nyama iliyoachwa njiani huweza kuokotwa na mtu. Askari akikuta mzoga umezungukwa na tai waliokufa, asiuguse, asiache wenzake wachukue nyama, na aulize kwa upole ni nani aliyepotewa na mifugo juma lile. Vivyo hivyo atambue kwamba risasi iliyomjeruhi chui bila kumwua imemwachia kijiji mnyama asiyeweza tena kukimbiza swala.

Katika mambo yote hayo, lililo rahisi kuanza ni makubaliano baina ya kituo na kijiji. Mzee wa kijiji ataje ni nyumba zipi zina mazizi, na ni zipi, kama zipo, zimefungwa taa. Zamu za usiku ziambiwe. Iwepo ishara moja ya mnyama, kwa mfano kupiga debe kwa namna inayojulikana, ili mwenye zizi abaki mlangoni akipiga debe badala ya kutoka gizani na tochi, na doria ijue kwamba inakwenda kumsaidia. Ishara hiyo ibadilishwe mara kwa mara, kwa ajili ya wale adui wengine.

Ama kuhusu ukuta wenyewe, miti ya jamii ya manemane yapatikana katika pwani ya Cabo Delgado pia, na wakulima wengi wa Msumbiji huijua kwa kufungia viwanja. Vigingi vikikatwa mwezi Novemba na kuchomekwa kabla ya mvua za Desemba, vitakuwa vimeshika mizizi mvua zinapokatika mwezi Aprili au Mei, na hapo wavu waweza kugongomelewa. Vigingi havina bei. Misumari ni michache. Kinachohitaji fedha ni wavu, na kwa zizi la mbuzi watano, hata likifunikwa juu, wavu huo ni mita chache tu.